Saa 12 Zilizogeuka Miezi

Nchini Kanada, swali la nani alipie huduma ya mtoto lina majibu mawili. Kwa watoto wengi jibu ni serikali ya jimbo: ndiyo inayogharamia hospitali, shule na mtaalamu wa kumfundisha mtoto aliyechelewa kusema. Kwa mtoto wa Mataifa ya Kwanza, yaani jamii zilizokuwa zikiishi katika ardhi ile kabla ya Wazungu kufika, jibu hutegemea. Akiishi katika eneo lililotengewa jamii yake, mzigo huangukia serikali ya shirikisho iliyoko Ottawa. Akihamia mjini, huenda ukarudi jimboni. Akiwa na ugonjwa unaomfanya aende na kurudi kati ya kijiji na hospitali ya mbali, hakuna anayekubali kuwa mzigo ni wake. Mgawanyo huu umetokana na katiba ya mwaka 1867, iliyoweka wenyeji na ardhi zao chini ya mamlaka ya shirikisho huku ikiyaachia majimbo afya na elimu.

Mwanya huo ulisababisha kisa cha Jordan River Anderson, mtoto wa jamii ya Norway House Cree, kaskazini mwa Ziwa Winnipeg katika jimbo la Manitoba. Alizaliwa mwaka 1999 akiwa na maradhi mazito na akakaa hospitalini tangu siku ya kwanza. Alipofikisha miaka miwili madaktari waliridhika kwamba anaweza kuondoka na kulelewa katika nyumba ya familia, mradi apatiwe uangalizi na vifaa. Hapo Ottawa na Manitoba zikaanza kubishana juu ya nani alipe. Zilibishana kuhusu gharama za malezi, usafiri, hata bomba la kuogea. Mabishano yalipita miaka miwili. Februari 2005 Jordan alifariki hospitalini akiwa na umri wa miaka mitano, hajalala hata usiku mmoja nyumbani.

Familia yake iliridhia jina lake litumike kwa ajili ya watoto wengine. Desemba 2007 wabunge wa Kanada, bila hata mmoja kupinga, walipitisha azimio la kuunga mkono Kanuni ya Jordan. Msingi wake ni mwepesi kueleza: mtoto wa Mataifa ya Kwanza akihitaji huduma, serikali ya kwanza kufikiwa ilipe, mtoto ahudumiwe, kisha wakubwa wakabishane wao kwa wao juu ya kurudishiana fedha. Azimio halikuahidi huduma mpya wala hospitali mpya. Liliahidi wakati. Ni muhimu kulishika hilo, kwa sababu kuporomoka kwa kanuni hii katika miaka ya karibuni hakujaja kwa sura ya kufutwa. Hakuna waziri aliyesimama kusema kanuni imekwisha. Kilicholiwa ni wakati, na kanuni iliyoundwa kulinda wakati haina kingine cha kubaki nacho.

Anguko hili si la kwanza. Baada ya azimio la 2007 serikali iliifasiri kanuni kwa namna iliyoifanya isimguse karibu mtoto yeyote. Ilidai mtoto awe na ulemavu wa aina zaidi ya moja, awe anahitaji watoa huduma kadhaa, na mgogoro uwe kati ya shirikisho na jimbo, uthibitishwe na vigogo wa pande zote mbili. Hata hivyo utafiti uliofanywa mwaka 2005 katika mashirika 12 ya ustawi wa watoto wa Mataifa ya Kwanza ulikuwa umekuta migogoro 393 ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa kati ya idara za shirikisho zenyewe. Tafsiri ya serikali iliiacha nje migogoro hiyo yote. Kwa miaka kadhaa viongozi waliweza kutangaza kwamba hakuna kesi ya Kanuni ya Jordan inayosubiri, na kwa tafsiri yao walikuwa sahihi.

Ushahidi uliotolewa baadaye ulionyesha tafsiri hiyo ilivyofanya kazi. Mwaka 2012 mtoto wa miaka minne aliyekuwa mgonjwa mahututi alihitaji kitanda maalumu ili aweze kurudi nyumbani. Maofisa wa shirikisho walilijadili ombi na jibu likawa hapana. Daktari wake alikilipia kitanda hicho kutoka mfukoni mwake. Huko Pictou Landing, Nova Scotia, mama aliyekuwa akimlea kijana wake mwenye ulemavu mkubwa alipatwa na kiharusi mwaka 2010. Baraza la jamii yao likabeba gharama za uangalizi kutoka katika bajeti yake ndogo, na Ottawa ikakataa kulirejeshea. Ilibidi Mahakama ya Shirikisho iseme, mwaka 2013, kwamba kanuni haiwezi kusomwa kwa ufinyu namna hiyo.

Wakati huo kesi kubwa zaidi ilikuwa tayari inasogea. Februari 2007 shirika la kutetea watoto linaloongozwa na Cindy Blackstock, mwanamke wa jamii ya Gitxsan, pamoja na chombo kinachowaunganisha machifu wa Mataifa ya Kwanza, walifungua malalamiko ya ubaguzi dhidi ya serikali. Serikali ilipambana kwa pingamizi za kiufundi mwaka baada ya mwaka. Ilifika mahali maofisa wakawa wanafuatilia kurasa za Blackstock mtandaoni, jambo ambalo kamishna wa faragha wa nchi hiyo alilikosoa mwaka 2013. Hatimaye, tarehe 26 Januari 2016, Baraza la Haki za Binadamu la Kanada, chombo chenye uwezo wa kutoa amri zinazotekelezwa, liliamua kwamba serikali inawabagua watoto wa Mataifa ya Kwanza: inazitengea huduma zao za ustawi fedha pungufu, na imeifinya Kanuni ya Jordan.

Kutoka hapo ndipo kanuni ilipopata meno. Kiangazi cha 2016 Ottawa ilitangaza dola milioni 382 kwa miaka mitatu. Mwaka 2017 Baraza liliweka muda: ombi la dharura la mtoto mmoja liamuliwe ndani ya saa 12, lisilo la dharura ndani ya saa 48, maombi ya kundi yapewe saa 48 yakiwa ya dharura na wiki moja yasipokuwa ya dharura. Saa hizo zilitokana na msiba. Katika kijiji cha Wapekeka, kaskazini mwa Ontario, viongozi waligundua mwaka 2016 kwamba wasichana wadogo walikuwa wakipanga kujiua pamoja. Julai waliomba fedha za wahudumu wa afya ya akili. Walielezwa kuwa ombi limefika wakati usiofaa katika mzunguko wa bajeti. Januari 2017 wasichana wawili wa miaka 12 walijiua. Anayezisoma saa 12 kama kiwango kikali kilichowekwa na watu wasioelewa ofisi inavyofanya kazi asome kwanza tarehe hizo mbili.

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba jambo hili linawezekana. Familia zilipata namba ya simu ya kupiga usiku na mchana. Jamii ziliajiri waratibu waliojua kila nyumba na kila mtoto. Watoto walipata miwani, vifaa vya kusikia, viti vya magurudumu, nepi, matibabu ya meno, nauli ya kumfuata daktari bingwa, wasaidizi wa darasani. Idadi ya huduma na vifaa vilivyoidhinishwa tangu 2016 imefikia mamilioni, na serikali huitaja kwa fahari. Ina haki ya kufanya hivyo, mradi ikumbukwe kwamba kila hatua muhimu ilitokana na amri. Chombo cha haki za binadamu kilichofikiriwa kutoa uamuzi mmoja kimelazimika kutoa amri baada ya amri: juu ya tafsiri, juu ya muda, juu ya watoto gani wanastahili, juu ya fidia ya dola 40,000 kwa kila mtoto aliyeumizwa. Makubaliano ya fidia yaliyoidhinishwa mahakamani Oktoba 2023 yalizidi dola bilioni 23. Serikali inayolipa kiasi hicho kwa makosa ya jana ingetazamiwa kuyaogopa makosa ya leo.

Lakini ni katika mwaka huohuo wa 2023 ambapo dalili za anguko la pili ziliacha kufichika. Desemba, shirika la Blackstock lilirudi mbele ya Baraza likilalamika kwamba serikali haitii amri. Simu zilikuwa hazipokelewi. Maombi ya dharura yalikuwa yakikaa wiki na miezi bila kufunguliwa. Watoa huduma walioidhinishwa walikuwa hawalipwi kwa wakati, hivyo baadhi yao walianza kuzikwepa familia zinazokuja kwa njia hii. Machi 2024 serikali ilijibu kwa ombi lake: dharura ifafanuliwe upya na muda uongezwe. Katika mwenendo wa shauri ilidhihirika kwamba takriban maombi 140,000 yalikuwa yamerundikana bila kuamuliwa. Yalirundikana chini ya utaratibu ambao muda mrefu kabisa ulioruhusiwa, kwa ombi lolote, ulikuwa wiki moja.

Tuzisikilize hoja za serikali kwa haki, maana zipo. Maombi yaliongezeka kwa kasi ambayo watumishi waliopo hawakuweza kuihimili. Utaratibu ulimruhusu mwombaji mwenyewe kutangaza kwamba ombi lake ni la dharura, na serikali ilidai kwamba baadhi ya maombi yalitangazwa hivyo ilhali yanahusu vitu visivyo vya haraka. Ikiwa ombi la aina hiyo linasimama mstari mmoja na la mtoto anayehitaji oksijeni, oksijeni inachelewa. Hii ni hoja ya kweli. Baraza halikuipuuza: katika uamuzi wake wa Novemba 2024, uliofuatwa na sababu kamili Januari 2025, lilikubali kwamba si kila kinachoitwa dharura ni dharura, likaruhusu maombi yapangwe upya kwa uzito wake, huku likiiamuru serikali kulishughulikia rundo lililokwama na kuwatanguliza watoto walio hatarini kupoteza uhai au kuondolewa katika familia zao.

Hoja hiyo hata hivyo inaeleza kwa nini foleni ilichanganyika. Haielezi kwa nini ilikuwa ndefu. Ili kulijibu la pili inabidi kutazama nje ya ofisi inayopokea maombi. Mtoto haombi kiti cha magurudumu kupitia njia ya kipekee kama kliniki ya kijiji chake inavyo viti. Shule haiombi msaidizi wa darasani mwaka hadi mwaka, mtoto kwa mtoto, kwa barua ya daktari kila mara, kama bajeti yake ya kawaida ina nafasi ya msaidizi. Familia haiombi kuondolewa ukungu ukutani unaomletea mtoto pumu kama nyumba ilijengwa ipasavyo na hakuna watu wa vizazi vitatu wanaolala humo. Kanuni iliyokusudiwa kuziba pengo la hapa na pale iligeuzwa kuwa mlango mkuu wa huduma, kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa au haijawahi kujengwa. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa la msingi, na ni kosa la kupanga bajeti. Rundo la maombi 140,000 ni hesabu ya mahitaji ambayo programu za kawaida zimeshindwa kuyatimiza, yakaandikwa moja moja, kila moja na jina la mtoto.

Serikali yenyewe inazijua takwimu zinazoonyesha matokeo. Sensa ya 2021 ilikuta kwamba watoto wa wenyeji, yaani wa Mataifa ya Kwanza pamoja na makundi mengine ya Inuit na Métis, ni asilimia 7.7 tu ya watoto walio chini ya miaka 15, lakini ni asilimia 53.8 ya watoto wa umri huo wanaolelewa na familia za malezi zinazopangwa na serikali. Wengi hawakuondolewa majumbani kwa sababu ya ukatili wa wazazi. Umaskini, nyumba mbovu na kukosa msaada ndivyo vinavyochukuliwa kuwa uzembe wa mzazi. Taarifa hazijawahi kukosekana huko. Mwaka 1907 daktari mkuu wa idara iliyosimamia wenyeji, Peter Bryce, aliripoti jinsi kifua kikuu kilivyokuwa kikiwaua watoto katika shule za bweni za serikali na makanisa. Mapendekezo yake yaliwekwa kando, hatimaye na yeye mwenyewe akawekwa kando. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza shule hizo iliweka utekelezaji kamili wa Kanuni ya Jordan kuwa pendekezo la tatu kati ya 94, mwaka 2015.

Badala ya kufungua milango mingine, Ottawa iliufinya huu. Tarehe 10 Februari 2025 idara ya huduma za wenyeji ilitoa maelekezo mapya. Baadhi yalikuwa ya kutarajiwa: hakuna magari, hakuna safari za nje ya nchi, hakuna michezo ya ngazi ya juu. Mengine yaligusa uti wa mgongo. Ukarabati wa nyumba ukatolewa. Mwombaji akatakiwa aonyeshe namna mtoto alivyonyimwa au kucheleweshewa huduma ya serikali iliyopo kwa sababu ni wa Mataifa ya Kwanza. Na maombi ya shule zilizo nje ya maeneo yaliyotengwa yakaelekezwa kwa serikali za majimbo.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mzazi aliyefika katika ofisi ya shirikisho anaambiwa aende jimboni. Jimbo, ambalo halikuwa limetenga fedha hizo kwa kuwa Ottawa ilikuwa ikilipa, linamwambia kuwa jukumu ni la shirikisho. Ndiyo danadana ileile ambayo kanuni ilizaliwa kuikomesha, sasa imeandikwa ndani ya maelekezo ya kanuni yenyewe. Yawezekana kisheria majimbo yana wajibu kwa wanafunzi hao, naamini yanao. Lakini kanuni ilikuwa na jibu kwa hali hiyo hasa: lipa kwanza, kisha umdai mwenzako. Kama Ottawa ilitaka Alberta, Saskatchewan na Manitoba zibebe gharama za wasaidizi wa madarasa, ilikuwa na nyenzo zote za kuzidai huku watoto wakiendelea kusoma. Ilichagua kuwaondoa watoto kwanza.

Matokeo yalifika madarasani kabla ya mwaka wa masomo uliofuata. Katika majimbo hayo ya nyanda, wilaya za shule zilipunguza wasaidizi waliokuwa wakikaa na watoto wenye usonji, wasioona vizuri, au wanaohitaji kusaidiwa kwenda msalani. Mtoto anayehitaji mtu wa kumtuliza ili aweze kukaa darasani hafukuzwi shule. Anaanza kupelekwa nusu siku, kisha siku chache kwa wiki, na hatimaye mzazi anaacha kazi na kukaa naye nyumbani. Hakuna daftari linaloandika tukio hilo kuwa ni kunyimwa huduma.

Kwa Inuit wa kaskazini, ambao wana mpango wao unaofanana na Kanuni ya Jordan, pigo lilikuwa la chakula. Huko Nunavut, ambako bidhaa huletwa kwa ndege au kwa meli wakati wa kiangazi na bei zake humshtua mgeni, halmashauri zilikuwa zikitoa vocha ya dola 500 kwa mwezi kwa kila mtoto, na dola 250 za ziada kwa aliye chini ya miaka minne kwa ajili ya maziwa na nepi. Fedha za vocha hizo zilikoma mwishoni mwa Machi 2025. Kila halmashauri ilibaki kuomba upya au kufunga.

Wapo wanaosema mageuzi makubwa yatatatua yote. Hata hivyo, Oktoba 2024 machifu waliokutana Calgary waliikataa rasimu ya makubaliano ya dola bilioni 47.8 ya kurekebisha huduma za ustawi wa watoto, wakitaka ulinzi imara zaidi, na rasimu yenyewe haikuigusa Kanuni ya Jordan. Uteuzi wa Mandy Gull-Masty, mwanamke wa Cree na mwenyeji wa kwanza kuishika wizara ya huduma za wenyeji, mnamo Mei 2025 uliamsha matumaini yanayoeleweka. Lakini waziri hurithi bajeti na maelekezo pamoja na kiti. Julai mwaka huo Mahakama ya Shirikisho iliitaja kuwa isiyo ya busara hatua ya idara kukataa ombi la bibi mmoja wa Ontario aliyetaka nyumba yake iondolewe ukungu kwa ajili ya wajukuu wenye pumu. Mahakama iliona idara imeitazama kanuni kwa ufinyu kupita kiasi. Neno ufinyu limekuwa likirudi mahakamani tangu 2013, na kila linaporudi mtoto husika amekua kwa miaka kadhaa.

Na umri ndio unaofanya ucheleweshaji huu usifanane na ucheleweshaji wa barabara au daraja. Mtoto wa miaka miwili asiyesikia ana kipindi kifupi ambacho ubongo wake uko tayari kupokea lugha. Kifaa cha kusikia kikifika akiwa na miaka minne, kilichofika ni kifaa kilekile, lakini si huduma ileile. Kiti cha magurudumu kilichopimwa mwaka jana hakimtoshi mwaka huu, hivyo idhini inayotolewa leo inampa kitu ambacho hakimfai tena, na ombi jipya linarudi mwisho wa foleni.

Kwa sababu hiyo naona takwimu ya mamilioni ya huduma zilizoidhinishwa haitoshi kupimia kitu. Idhini ni karatasi. Kati ya idhini na mtoto kuna ankara isiyolipwa, mtaalamu anayesubiri malipo ya miezi iliyopita, tiketi ya ndege isiyokatwa. Idara ina tarehe ya kupokea kila ombi. Ina, au inaweza kuipata kwa mratibu wa kijiji, tarehe ambayo mtoto alihudumiwa kweli. Tofauti ya tarehe hizo mbili itangazwe kila robo mwaka, jimbo kwa jimbo, aina ya huduma kwa aina ya huduma, pamoja na umri wa mtoto siku ombi lilipoingia na umri wake siku huduma ilipofika. Waratibu wa vijiji wapewe mamlaka na fedha za kuidhinisha mahitaji madogo bila kuyatuma Ottawa, maana hao ndio wanaojua nani anaumwa. Na malipo ya shule yaliyokatwa Februari 2025 yarudishwe mpaka siku majimbo yatakapotia saini kwamba yanayachukua, hata kama saini hiyo itachukua miaka kumi.